WALIMU WA NGUMI NA NJIA ZAO ZA KUFUNDISHA

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Mchezo wa ngumi wapendwa sana katika mji wa Morogoro. Mwezi wa Agosti, 2013, Francis Cheka, bondia aliyekuwa akiishi mjini hapa, alimshinda Mmarekani Phil Williams katika Dar es Salaam na kutwaa mkanda wa dunia wa WBF. Wengi wetu tulikuwa watoto wadogo sana wakati huo, lakini habari hizo twazijua kwa kusimuliwa na kaka zetu na wajomba zetu. Baadaye likaja jina la Karim Mandonga, naye wa Morogoro, ambaye maneno yake kabla ya pambano yaliwachekesha hata watu wasiotazama ngumi kamwe.

Lakini nimeona jambo moja. Katika mazungumzo yote hayo hutajwa bondia, hatajwi mwalimu wake. Bondia akishinda, twasema ana ngumi nzito. Akishindwa, twasema mwalimu hakumfundisha. Basi mwalimu huyu ambaye hakumbukwi ila siku ya msiba ndiye nitakayemweleza katika somo hili.

Ninayo sababu ya kuandika sasa. Sisi wa kidato cha nne tutafanya mtihani wetu wa mwisho mwezi wa Novemba, kisha tutangoja matokeo. Hapa Mzumbe ngumi haimo katika ratiba yetu ya michezo, lakini nawajua wenzangu kadhaa ambao wamekwisha kuapa ya kuwa wakishamaliza mtihani wataingia katika klabu za ngumi huko makwao. Wengine asubuhi hukimbia hadi njia panda ya Sangasanga na kurudi, kwa kujitayarisha. Hao nawatakia heri. Walakini yafaa wajue kwamba atakayekwenda huko hachagui mchezo tu; achagua pia mtu wa kumkabidhi kichwa chake. Ni vema achague akiwa na macho.

KAZI ZA MWALIMU

Kazi za mwalimu wa ngumi ni nne. Kwanza, kuutengeneza mwili: mbio, kuruka kamba, kupiga mfuko, na kula vizuri. Pili, kufundisha ufundi: namna ya kusimama, kusogea, kujikinga na kupiga. Tatu, kuutengeneza moyo, maana hakuna mtu asiyeogopa kupigwa, na anayesema haogopi ama hajapigwa bado ama asema uongo. Nne, kusimama katika pembe ya ulingo siku ya pambano.

Kazi hiyo ya nne yaonekana ndogo, kumbe ndiyo kubwa. Katika ngumi za ridhaa mabondia hupigana raundi 3, na kila raundi ni dakika 3. Katika ngumi za kulipwa mapambano ya ubingwa huwa ya raundi 12. Zamani yalikuwa 15. Katikati ya raundi na raundi ipo dakika 1 tu ya kupumzika. Katika dakika hiyo mwalimu humpa bondia maji, humfuta damu, humwambia neno moja au mawili, na humtazama machoni kujua kama akili yake ingali timamu. Mwalimu asiyejua kuitumia dakika hiyo aweza kupoteza kazi ya miezi sita.

Walimu wote hufanya kazi hizi nne, lakini hawazifanyi kwa namna moja. Nimewagawa katika makundi matatu ili tuwafahamu vizuri.

1. MWALIMU WA UTARATIBU MMOJA

Huyu ana njia yake, na kila mwanafunzi sharti aifuate. Hasemi, "Wewe ni mrefu, fanya hivi, wewe ni mfupi, fanya vile." Asema, "Hivi ndivyo tufanyavyo hapa."

Aliyesifika kwa njia hii ni Cus D'Amato wa New York. Wanafunzi wake waliinua mikono yote miwili karibu na mashavu, wakayumbisha kichwa huku na huku bila kutulia, wakamkaribia adui na kupiga ngumi nyingi pamoja. Kila ngumi aliipa namba. Mwalimu akitaja namba, mkono ulikwenda wenyewe, kama mtoto ajibuvyo jedwali la kuzidisha. Kwa njia hiyo Floyd Patterson akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu mwaka 1956 akiwa na umri wa miaka 21. José Torres akawa bingwa wa uzito wa juu mwepesi mwaka 1965. Mike Tyson, ambaye D'Amato alimchukua akiwa kijana mtundu na kumlea nyumbani kwake, akawa bingwa wa uzito wa juu mwezi wa Novemba, 1986, akiwa na miaka 20. D'Amato hakuiona siku hiyo, kwa kuwa alikufa mwaka 1985.

Isidhaniwe ya kuwa D'Amato alifundisha mikono tu. Alisema sana juu ya hofu. Aliwaambia vijana wake kwamba hofu ni kama moto: ukiutawala wakupikia chakula, ukikushinda wakuchomea nyumba. Mimi naona neno hilo lingetufaa hata sisi tunaongoja mtihani wa Hesabu.

Huku kwetu Afrika Mashariki njia ya utaratibu mmoja twaijua kwa sura nyingine. Ngumi za ridhaa katika Tanzania, Kenya na Uganda zimelelewa sana na majeshi, polisi na magereza. Huko mtu huamka kwa wakati, hukimbia kwa wakati, na neno la mkubwa halijibiwi kwa swali. Faida yake ni kwamba mwili huwa tayari na uvivu hauna nafasi.

Hasara ya njia hii huonekana mwalimu asipokuwapo. Tyson aliachana mwaka 1988 na Kevin Rooney, aliyekuwa amefunzwa na D'Amato mwenyewe. Mwezi wa Februari, 1990, alipigana na Buster Douglas katika Tokyo. Kichwa hakikuyumba tena kama zamani. Jicho lake lilipovimba, watu wa pembe yake hawakuwa hata na kile chuma baridi cha kukandamiza uvimbe, wakatumia mpira wa glavu uliojazwa maji baridi. Akaangushwa katika raundi ya 10, na watu wengi duniani wakashangaa. Aliyefundishwa kufuata sauti moja, sauti hiyo ikinyamaza hana pa kushika.

2. MWALIMU WA KUMFUATA MWANAFUNZI

Huyu hutazama kwanza Mungu amempa kijana nini, kisha hujenga juu ya hicho. Mfano mkubwa ni Angelo Dundee, mwalimu wa Muhammad Ali. Ali alifanya mambo mengi ambayo vitabu vya ngumi vilikataza. Mikono aliiweka chini, na ngumi ikija hakuinama bali alivuta kichwa nyuma. Mwalimu mwingine angalimrekebisha mpaka amharibu. Dundee hakumkataza. Naye alijua Ali hapendi kuamrishwa, basi alipotaka apige ngumi fulani alimsifu kana kwamba amekwisha kuipiga: "Ngumi yako ile ya leo ilikuwa nzuri sana!" Kesho yake Ali aliipiga kweli, akidhani imetoka kichwani mwake.

Njia hii ilionekana wazi karibu na kwetu, katika Kinshasa, tarehe 30 Oktoba, 1974. Ali alipambana na George Foreman, mtu mwenye nguvu za kutisha. Tangu raundi ya pili Ali aliegemea kamba, akajifunika, akamwacha Foreman apige. Dundee pale pembeni alipiga kelele atoke kwenye kamba. Ali hakutoka. Shauri lile lilikuwa lake mwenyewe. Foreman akachoka, na katika raundi ya 8 akaanguka. Hapo mwanafunzi alimpita mwalimu, na mwalimu hakuona aibu. Mwalimu aliyefundisha watu kufikiri lazima awe tayari siku moja kuona wanafikiri jambo ambalo yeye hakulifikiri.

Lakini Dundee hakuwa mpole siku zote. Tarehe 16 Septemba, 1981, katika Las Vegas, alikuwa pembeni mwa Sugar Ray Leonard akipambana na Thomas Hearns. Baada ya raundi ya 12 Leonard alikuwa nyuma kwa pointi. Dundee hakumsifu wala hakumbembeleza. Alimwambia kwa ukali kwamba pambano linamponyoka. Leonard akaamka, akammaliza Hearns katika raundi ya 14. Basi twaona ya kuwa mtu yule yule alitumia sukari kwa mmoja na pilipili kwa mwingine.

Hasara ya njia hii ni kwamba yahitaji mwalimu mwenye akili nyingi na wanafunzi wachache. Mwalimu mvivu pia hujificha humo. Husema, "Namwacha kijana afuate kipaji chake," kumbe hajui la kumfundisha.

3. MWALIMU WA HATUA KWA HATUA

Kundi la tatu ni la walimu wanaofundisha ngumi kama shule inavyofundisha kusoma: herufi, silabi, neno, sentensi. Nchi iliyosifika hapa ni Kuba. Mwaka 1962 serikali ya huko ilipiga marufuku michezo ya kulipwa, ikajenga shule za michezo kwa watoto. Mwalimu wao mkuu kwa miaka mingi alikuwa Alcides Sagarra. Katika Olimpiki ya Munich, mwaka 1972, mabondia wa Kuba walipata medali 3 za dhahabu, na tangu hapo wamekuwa miongoni mwa wakubwa wa dunia. Teófilo Stevenson peke yake alipata dhahabu mwaka 1972, 1976 na 1980. Mwaka 2022 nchi hiyo iliwaruhusu tena mabondia wake kupigana kwa kulipwa.

Mtoto wa Kuba hafundishwi kwanza kupiga. Hufundishwa kusimama, kisha kusogea, kisha kupima umbali kati yake na mwenzake. Mikono huja baadaye. Ngumi ya mkono wa mbele huitumia kama kipofu atumiavyo fimbo, kujua kilichopo mbele kabla ya kukanyaga.

Klabu yetu ya mtaani haiwezi kujenga shule kama za Kuba. Lakini mpango wa "miguu kabla ya mikono" hauhitaji fedha. Wahitaji chaki ya kuchora mstari sakafuni, na subira.

WALIMU WA KWETU

Afrika Mashariki haijakosa mabingwa. Mwaka 1968, katika Mexico, Philip Waruinge wa Kenya alipata medali ya shaba, na pia tuzo ya Val Barker ya bondia mwenye ufundi bora wa Olimpiki ile. Mwaka 1972 alipata fedha. Leo Rwabwogo wa Uganda alipata shaba mwaka 1968 na fedha mwaka 1972. Titus Simba wa Tanzania alipata medali ya fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh, mwaka 1970. Michael Yombayomba alituletea dhahabu kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998, na Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe wakaleta shaba kutoka Birmingham mwaka 2022.

Nyuma ya watu kama hao wapo mabondia wa zamani waliogeuka walimu. Habibu Kinyogoli aliipigania Tanzania katika Olimpiki ya 1972, kisha akafundisha vijana wa Dar es Salaam kwa miaka mingi. Huko Uganda, Grace Sseruwagi aliyepigana katika Olimpiki ya Roma, mwaka 1960, akawa mwalimu wa timu ya taifa. Walimu wengi wa klabu zetu ni wa namna hiyo: mtu aliyepigana, akaacha, akarudi na kamba na glavu chache kuwafundisha watoto wa mtaani kwake, mara nyingi bila mshahara.

Likizo iliyopita nilifanya mazoezi katika klabu moja ya namna hiyo, na hapo nikapata kulinganisha njia hizi kwa macho yangu. Palikuwa na walimu wawili. Wa kwanza, mzee, alishika kijiti cha mpera. Aliyekutanisha miguu aligongwa kifundo. Maneno yake yalikuwa machache: "Mikono juu! Mguu! Rudia!" Wa pili alikuwa kijana zaidi, mwenye sauti ya upole. Ukipigwa, alisimamisha zoezi na kukuuliza, "Mdogo wangu, unadhani kwa nini amekupata?" Wote tulimpenda huyu wa pili, na yule mzee tulimkwepa.

Niliona mambo mawili. La kwanza ni kwamba wapya walijifunza upesi zaidi kwa mzee. Baada ya majuma matatu walikuwa wakisimama vizuri, na wenzao wa mwalimu mpole walikuwa bado wakijikwaa. Lakini wale waliokwisha kukaa klabuni mwaka mmoja au zaidi walinufaika na mwalimu mpole. Walikuwa na mengi ya kuulizwa, na majibu yao yalikuwa na maana. Asiyejua herufi huwezi kumtungisha insha, na ajuaye insha ukimrudisha kwenye herufi utamchosha. Kwa hiyo kuuliza "Njia ipi ni bora?" hakutoshi. Sharti tuulize, "Bora kwa nani, na kwa wakati gani?"

Jambo la pili lilinishangaza zaidi. Siku moja kijana wa miaka kama yetu alipigwa kichwani katika mazoezi, akapiga goti. Aliinuka, akacheka. Mwalimu mpole alimwuliza, kama ilivyokuwa desturi yake, "Unaweza kuendelea?" Kijana akajibu, "Naweza, mwalimu." Akaruhusiwa kuendelea. Mzee akaja kutoka upande wa pili, hakumwuliza neno. Alimvua glavu yeye mwenyewe, akamkalisha, akamwuliza leo ni siku gani. Kijana akasema Jumanne, na ilikuwa Alhamisi. Mzee akamtuma mwenzake ampeleke hospitali, akamkataza kuvaa glavu kwa mwezi mzima. Kijana alikasirika sana, akasema mzee amwonea.

Tangu siku hiyo niliacha kuwapima walimu kwa upole na ukali. Upole wa yule mwalimu ulikuwa wa kweli, na desturi yake ya kuuliza ilikuwa nzuri siku zote isipokuwa siku ile moja. Ukali wa mzee ulikuwa na huruma ndani yake.

NANI ASEME BASI?

Hapa ndipo penye kiini cha somo hili. Ubongo wa mtu umekaa ndani ya fuvu, umezungukwa na maji kidogo. Kichwa kikipigwa kwa nguvu, fuvu husimama na ubongo huendelea, ukagonga. Aliyegongwa hivyo aweza kusimama, kucheka na kujibu, na huku akili yake haiko sawa. Kumwuliza kama aweza kuendelea ni kama kumwuliza mlevi kama aweza kuendesha lori kushuka milimani Uluguru. Atajibu ya kuwa aweza.

Katika Manila, tarehe 1 Oktoba, 1975, Ali na Joe Frazier walipigana raundi 14. Frazier alivimba uso hata hakuona vizuri. Mwalimu wake, Eddie Futch, alikuwa mtu mwenye umri na maarifa, aliyekwisha kuona mabondia wakifa kwa ngumi. Raundi ya 15 ilikuwa haijaanza. Frazier alitaka kuendelea. Futch akakataa, akamkalisha chini, akamwambia kwamba hakuna atakayesahau alichokifanya siku ile. Ubingwa ukapotea pale. Frazier aliishi miaka mingine 36.

Dundee naye alifanya vivyo hivyo tarehe 2 Oktoba, 1980, Ali alipokuwa akipigwa na Larry Holmes. Mtu mwingine wa pembeni alitaka Ali aendelee. Dundee akasimamisha pambano baada ya raundi ya 10. Tazama basi: Futch na Dundee walifundisha kwa njia mbili, lakini walipofika hapo walitenda jambo moja.

Mfano wa kwetu wenye huzuni ni wa Robert Wangila wa Kenya. Mwaka 1988, katika Seoul, alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali, akatwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki. Kenya nzima ilishangilia. Kisha akaenda kupigana kwa kulipwa katika Marekani. Mwezi wa Julai, 1994, katika Las Vegas, mwamuzi alisimamisha pambano lake na David Gonzales katika raundi ya 9. Wangila alilalamika kwamba hakustahili kusimamishwa. Baada ya muda mfupi akapoteza fahamu, na siku mbili baadaye akafa, akiwa na miaka 26. Silaumu mtu hapa. Nataka tuone jambo moja tu: mtu aliyekuwa karibu kufa alikuwa akisema hajambo, na alisema hivyo kwa moyo safi.

Wahenga wetu walisema, "Mtoto akililia wembe, mpe." Maana yake ajikate kidogo, ajifunze. Methali hii ni nzuri katika mambo mengi. Katika ngumi haifai, maana huu wembe haukati kidole. Mwalimu wa kweli ni yule anayeweza kumnyima kijana wembe anaoulilia mbele ya watu elfu wanaopiga kelele apewe.

MAMBO YA KUANGALIA

Rafiki yangu utakayekwenda klabuni baada ya mtihani, tazama mambo haya kabla ya kutoa ada yako:

1. Je, mwalimu amekuuliza umri wako na magonjwa uliyowahi kuugua? Katika ngumi za ridhaa vijana wa miaka 17 na 18 hupambana wao kwa wao, hawapambanishwi na watu wazima. Mwalimu anayekupanga na mtu wa miaka 25 akutumia kama mfuko wa mazoezi.

2. Je, majuma ya kwanza akufundisha miguu na kujikinga, ama siku ya kwanza akuvisha glavu na kukusukuma ulingoni ili watu wacheke?

3. Je, pana kinga ya kichwa na kinga ya meno? Tukumbuke pia ya kuwa kinga ya kichwa huzuia mikato na michubuko, lakini haiuzuii ubongo kutikisika. Asiyejua hayo hudhani amevaa ngome.

4. Je, akutaka upunguze uzito kwa kuacha kunywa maji? Huyo mkimbie. Mwili uliokauka hauvumilii kipigo.

5. Je, bondia wake akiangushwa kwa kupigwa kichwani humpumzisha muda gani? Kanuni za ngumi za ridhaa zataka siku zisizopungua 30 bila mazoezi ya kupigana, hata kama mwenyewe asema amepona. Tena apimwe na daktari kabla ya kurudi.

6. Uliza wanafunzi wake wa zamani, "Mwalimu huyu amewahi kurusha taulo?" Wakijibu kwa fahari kwamba hajawahi hata mara moja, fikiri mara mbili.

Sijataja idadi ya mabingwa ambao mwalimu amewatoa. Si kwamba haina maana. Ubingwa ni jambo jema, na Mungu akipenda mmoja wetu ataupata. Lakini mabingwa ni wachache, na wanafunzi ni wengi. Mwalimu hupimwa pia kwa wale wasiopata mkanda, ambao leo ni mafundi, wakulima, makarani na madereva, wenye akili zao kamili, wakisimulia ya kuwa zamani walipiga ngumi.

Basi mwalimu akiwa na kijiti au na sauti ya upole, msikilize na ujifunze kwake. Ukali utauzoea, na upole utaufurahia. Lakini siku atakapokuvua glavu nawe wataka kuendelea, usimkasirikie. Mwambie, "Asante, mwalimu," hata kama machozi yanakutoka.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mwanafunzi mpya na mwanafunzi wa siku nyingi hawafundishwi kwa njia moja? Toa mfano kutoka katika mchezo mwingine unaochezwa hapa shuleni.

2. Ali hakumsikiliza mwalimu wake katika Kinshasa, akashinda. Frazier alimsikiliza mwalimu wake katika Manila, akashindwa. Je, mambo haya mawili yanapingana?

3. "Mtoto akililia wembe, mpe." Taja mambo mawili ambayo methali hii yafaa, na mawili ambayo haifai.